Sketi za Gari Jeupe

Kila gari lililopita mbele ya kibanda cha mama yangu, Fundi alilitazama kwa chini. Hakutazama kioo, hakutazama dereva, hakutazama namba. Aliinama, shingo upande, akafuata kwa macho ile sehemu iliyo chini ya milango, kutoka gurudumu la mbele mpaka la nyuma. Gari likishapita aliinuka polepole, akajifuta jasho hata kama kulikuwa na baridi, akarudi kwenye kazi yake.

Laini Saba nzima, mtaa wetu wa Kibera, ilimcheka. Wauza mitumba kando ya reli walisema mzee anaokota sarafu kwa macho. Wanawake walisema anatazama miguu yao na kusingizia magari.

"Fundi, umepoteza nini huko chini?"

"Gari."

"Gari linapoteaje, wewe? Si pini."

"Jeupe. Refu nyuma. Limevaa sketi zangu."

Basi walicheka tena, na mimi nilicheka nao, mpaka siku niliyojua ni kitu gani kilikuwa chini ya sketi hizo.

Sketi ni zile mbavu za plastiki au faiba zinazovishwa gari chini ya milango, ili lionekane limeinamia barabara, lina haraka hata likiwa limesimama. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Sketi, midomo ya bampa, mabawa ya nyuma, vile vijiti vyeusi vinavyozunguka matao ya magurudumu. Wengine waliita kazi hiyo mapambo, na aliyeitaja hivyo mbele yake hakuhudumiwa tena. Uwanja wake ulikuwa kipande cha ardhi kilichobanwa kati ya kibanda chetu na duka la mbao, na kwa kuwa mama aliuza chapati na madondo, yaani maharagwe, pale pale, nilikua nikimtazama kama watoto wengine wanavyotazama televisheni.

Yeye na mama walikuwa watu wa Magharibi mwa Kenya wote wawili, kwa hiyo waliitana mulamwa, shemeji, ingawa hakuna aliyemwoa ndugu wa mwenzake. Ulikuwa utani wa kwetu, na utani huo ulimruhusu mama kumwambia mambo ambayo mwingine angeyasema akafukuzwa kwa nyundo.

"Mulamwa, ukiendelea kuinama hivyo utaota nundu."

"Nundu haijaua mtu, mulamwa. Niongezee supu."

Mama ndiye aliyeambiwa kwanza. Nilikuwa nyuma ya pazia la kibanda nikimenya vitunguu, na Fundi hakujua, au alijua na hakujali. Alisimulia akiwa ameshika kijiko bila kula.

Broka mmoja wa magari alimletea gari jeupe la kubebea familia, akataka livishwe sketi ili lipate mnunuzi. Fundi alipopiga magoti kusafisha ubavu, alikuta kizingiti, ile boriti ya bati inayopita chini ya milango na kubeba uzito wote wa gari, kimeliwa na kutu. Kwa juu kilikuwa na rangi. Kwa ndani kilikuwa kama andazi lililosahauliwa kwenye chai. Alibonyeza kwa kidole gumba na kidole kikaingia.

"Nikamwambia, hii ikatwe kwanza, ichomelewe bati mpya. Gari ikipigwa ubavu hapa, itakunjika na watu wake. Akaniambia, funika tu, Fundi. Nikasema sifuniki. Akasema sawa, nitampelekea yule wa kule karibu na daraja, yeye hana maneno mengi."

Hata mimi nilimjua huyo wa karibu na daraja. Fundi alimchukia kwa miaka, kwa sababu alitumia ribiti pale panapotakiwa gundi, na kwa sababu watu walimsifu.

"Na sketi nilikuwa nimeshazitengeneza," Fundi akasema. "Kwa mkono. Faiba, tabaka juu ya tabaka. Zilikuwa zinapanda nyuma hivi, mulamwa, hivi," na kijiko kikachora hewani mstari unaoinuka, "kama ndege anayetaka kuruka na bado hajaamua. Nikaona akilini zile sketi mikononi mwa yule mtu, akizitoboa na drili. Nikafunika."

Hapo ndipo nilipoanza kumwogopa, na ndipo nilipoanza kumpenda. Alikuwa anaungama jambo ambalo lingeweza kumuua mtu, na bado sauti yake ilikuwa na fahari alipofika kwenye ule mstari.

Gari liliuzwa. Likaondoka. Kwa muda alijituliza kwamba labda mnunuzi ataona, labda fundi mwingine atainua sketi, labda gari litakufa injini kabla ya bodi. Kisha mteja mmoja akamletea habari njema, au hivyo ndivyo mteja yule alivyodhani: "Fundi, nimeona kazi yako Kawangware. Ile nyeupe. Bado inang'aa! Imejaa watoto wa shule mpaka dirishani."

Mama anasema siku hiyo hakula kitu.

*

Ukitaka kumjua, ungemtazama wakati wa tepu. Sketi nzuri haining'inizwi kwa skrubu peke yake. Ina klipu chini, na juu ina tepu ya pande mbili, na tepu hiyo ikishagusa bodi iliyosafishwa haikupi nafasi ya pili. Alipofika hapo, uwanja mzima ulinyamaza. Alikuwa ameosha ubavu kwa sabuni, ameufuta kwa spiriti, ameijaribu sketi ikiwa kavu na kuizungushia alama za tepu ya karatasi. Sasa alipiga magoti, akaiegemeza sketi kwenye mapaja na tumbo, akabandua karatasi ya tepu kidogo kidogo huku akiisukuma kwa viganja, na kooni mwake ukatoka mlio, wimbo wa kanisani usio na maneno. Aliyekohoa aliondoka. Aliyepokea simu alifukuzwa na simu yake. Mama alizima hata redio. Nimeona wanaume wenye magari makubwa wakisimama kando na pumzi zao wamezishika, kama baba nje ya chumba cha kujifungulia.

Kisha alizuia gari. Gundi lazima ilale, alisema, na mwenye gari akalale kwake. Wakorofi walipiga kelele, wenye kazi za teksi walilia, yeye alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mbele ya gurudumu na kuwatazama. "Gundi ina kiburi kunizidi. Tuisubiri sote."

Siku moja akaja kijana na gari dogo lililoshushwa karibu na ardhi, muziki unatikisa masufuria yetu.

"Niaje mzae. Shusha hizi sketi zaidi. Nataka zilambe lami."

"Zikilamba lami leo, kesho zitalamba tuta, kesho kutwa utaniletea vipande kwa gunia."

"Si we ni fundi tu? Fanya vile nasema."

Fundi alichukua kabari yake ya plastiki, akazing'oa klipu moja moja, akazibeba sketi kwa mikono miwili kama anayebeba mtoto aliyelala, akampa kijana.

"Shika. Uzivae wewe."

Soko lote lilipasuka kwa kicheko. Kijana alisimama amezikumbatia, na hazikuingia kwenye gari lake.

Hakuwa mnyenyekevu hata kidogo. Shati lake alilipiga pasi kila asubuhi na kulifunga vifungo mpaka shingoni, ingawa lilikaa siku nzima chini ya koti la kazi lenye madoa ya gundi. Usipoisifu kazi yake aliisifu mwenyewe, kwa sauti, akirudi nyuma hatua kadhaa na kukunja jicho moja. Alipenda kusifiwa na watu ambao hakuwaheshimu. Alikuwa mkarimu kwa chakula na mchoyo wa shukrani. Aliweza kumkemea mtu mzima mbele ya mke wake, kisha akatumia mchana kutwa kunyoosha baiskeli ya mlemavu wa Lindi, mtaa wa jirani, aliyekuwa akipita pale, bila kumsemesha neno.

Na tangu gari jeupe, hakufunika tena kitu. Alifanya hivyo kwa ukali uliowachosha watu. Kila kizingiti alikigonga kwa mpini wa bisibisi, sikio karibu, na mlio ukiwa mzito aliita mwenye gari, akamshika mkono, akamlazimisha kubonyeza mwenyewe. Wateja wengi walikwenda kwa yule wa daraja. Mchungaji wake alimletea gari la kanisa siku chache kabla ya harambee, akitaka lipendeze mbele ya wageni. Fundi aligonga, akasikiliza, akakataa.

"Basi tutaliombea," mchungaji akasema, akitabasamu.

"Kutu haiombewi, mchungaji. Inakatwa."

Fundi alikuwa mwimbaji wa sauti nzito kwenye kwaya. Kwa muda mrefu baada ya hapo hakuitwa kuimba, akawa anaimba pale uwanjani tu, magotini, kwa ajili ya tepu.

Nilimuuliza mara moja, nikiwa nimeshakua na nimeanza kuandika, kwa nini hakwenda kutoa taarifa kituoni. Alinitazama kama nimemtukana.

"Niseme natafuta gari gani?"

"Toa namba."

"Sikuisoma."

"Uliishika gari siku mbili, Fundi, na hukusoma namba?"

"Mimi sisomi huko juu," akasema, na kwa mara ya kwanza nilimwona ameaibika. Alilijua gari lile kwa viganja vyake. Alijua mahali ambapo ubavu wa kulia ulikuwa na kovu la mlango wa geti, alijua mteremko wake, alijua klipu ipi ilikuwa ngumu. Jina lake, kama gari lina jina, hakulijua.

Kwa hiyo alihama. Alimwachia muuza mbao uwanja, akachukua vifaa vyake kwenye mkokoteni, akaenda Kawangware, sehemu iitwayo Kongo, akapanga chumba na kijinafasi cha kufanyia kazi kando ya barabara ambapo magari ya shule hupita asubuhi na alasiri. Mama alimwambia amerukwa na akili. Alikuwa anaacha wateja wa miaka.

"Mulamwa, unaenda kutafuta sindano kwenye soko la watu wengine?"

"Sindano haibebi watoto."

Huko Kongo hawakumjua, na mtu asiyejulikana anayeinama kila gari likipita haonekani wa kuchekesha. Anaonekana mwizi. Mara ya kwanza alikimbia nyuma ya gari jeupe mpaka kwenye makutano, akapiga magoti katikati ya magari yaliyosimama, akakuta sketi za kiwandani. Dereva alimmwagia soda. Mara nyingine alilifuata gari la mwanamke mmoja mpaka geti la shule, na bawabu akamshika kola.

"Unataka nini na watoto wa wenyewe?"

"Nataka kuona gari."

"Namba?"

"Sketi zake zinapanda nyuma."

Bawabu alimwambia akionekana tena pale atavunjwa miguu. Fundi alinisimulia haya bila kucheka. Nilikuwa nampelekea chapati za mama kila nilipopata nafasi, na kila nilipokwenda nilimkuta amekonda, shati bado limepigwa pasi, macho yamekuwa mekundu kwa vumbi na kutazama. Asubuhi wakati wa magari ya shule hakupokea kazi. Alasiri pia. Mkono wake ulikuwa ndani ya mfuko, umeshika ile kabari ya plastiki, siku zote.

"Na ukiipata?" nilimuuliza.

"Nitaifungua."

"Kisha?"

Alikuwa ameshainama kutazama gari lingine.

*

Mara ya mwisho nilimkuta kwenye benchi la muuza chai, saa tisa alasiri hivi, barabara imejaa sare za shule. Alikuwa ananiambia jambo kuhusu rangi za siku hizi, jinsi zilivyo nyepesi, na katikati ya sentensi akaacha. Sikuona alichokiona. Niliona tu kwamba kikombe chake kimeinama na chai inamwagika kwenye suruali, naye hasikii.

Gari jeupe lilikuwa limesimama ng'ambo ya barabara. Dereva, mwanamke wa makamo aliyejifunga leso kiunoni, alikuwa ameshuka na kumshika mkono mtoto mdogo, akampeleka ndani ya kichochoro kumkabidhi kwao. Watoto wengine walibaki ndani, vichwa vimejaa madirishani. Na chini ya milango, ule mstari ulipanda kuelekea nyuma, mzuri kama alivyouchora kwa kijiko.

"Fundi, ngoja mwenyewe arudi," nikasema. Alikuwa ameshavuka.

Alipiga magoti. Aliweka kiganja kwenye sketi, akakituliza pale, akaingiza kabari. Klipu ya kwanza ikalia. Ya pili. Ndani ya gari mtoto akapiga kelele, "Mwizi! Mwizi anatoa gari!"

Neno hilo Kawangware halirudiwi mara mbili. Waendesha bodaboda waliokuwa wameegesha kwenye kona walifika kabla yangu.

"Wewe! Unatoa vipuri mchana peupe?"

"Na watoto wako ndani! Huyu ni mwenda wazimu."

"Mimi ni fundi," akasema, bila kugeuka. Tepu ilikuwa inabanduka kwa sauti ndefu.

"Fundi gani anafungua gari ya watu mwenyewe hayuko?"

Teke la kwanza lilimpata ubavuni. Aliyumba lakini mikono haikuachia. Nilijitupa katikati nikipiga kelele kwamba namjua, kwamba ni mzee wetu wa Kibera, na mtu mmoja akaniambia basi wewe ndiye unamshikia zamu. Niliona jiwe mkononi mwa kijana ambaye uso wake haukuwa na hasira yoyote, alikuwa analipima uzito tu. Watoto walilia. Fundi alivuta, na sketi nzima ikatoka ikamwangukia mapajani.

Alitazama. Sote tuliinama kutazama alichokitazama.

Kizingiti kilikuwa kizima. Bati jipya, nene, limechomelewa kwa mshono ulionyooka na kupakwa rangi nyeusi ya kuzuia kutu. Aligonga kwa kifundo cha kidole. Likalia safi. Aligonga mbele, akagonga nyuma, akatambaa kwa magoti huku akigonga, na kila mahali bati likamjibu vile vile.

"Kiko wapi sasa ulichokuwa unatafuta?" akauliza mwenye jiwe.

"Ilikuwa hapa," Fundi akasema. "Kutu ilikuwa hapa."

Mwenye gari alikuwa amerudi. Alipenya katikati ya wanaume, akahesabu vichwa vya watoto kwa macho kabla ya kumtazama mtu aliyepiga magoti.

"Mumwache kwanza," akawaambia. Kisha kwa Fundi: "Wewe umejuaje kulikuwa na kutu hapo?"

"Ni nani alichomelea?" Fundi akauliza.

"Mume wangu aliipeleka ikachomelewa. Baada ya ajali."

"Ajali gani?"

"Ya jeki. Alikuwa anabadilisha gurudumu hapo tu kwetu, jeki ikapenya kwenye kutu, gari ikamlalia mkono." Alisema kwa haraka, kama jambo lililokwisha kusemwa mara nyingi. "Kazi yake ilikuwa kushona viatu. Sasa mkono wa kulia haukunji vidole."

Fundi alibaki vile vile, sketi mapajani.

"Watu walimwambia auze," mwanamke akaendelea. "Akakataa. Alisema hawezi kumpelekea mtu mwingine hiyo shida. Akaitengeneza yote, akarudishia hizo sketi. Alizipenda sana. Hata hii gari aliinunua kwa sababu yazo."

Nimeandika kurasa nyingi tangu siku ile na sijapata namna ya kueleza uso wa Fundi aliposikia maneno hayo. Maisha yake yote alikuwa amengoja mtu amsifu hivyo.

"Mama," akasema. "Nilizivisha mimi. Hii na ya upande ule."

Mwanamke alimtazama.

"Na hiyo kutu uliiona?"

"Niliishika kwa kidole."

Hakuna aliyesogea. Kijana mwenye jiwe alimtazama mwanamke, akingoja, na nilielewa kwamba neno lake moja lingetosha. Nadhani Fundi alielewa pia, kwa kuwa alivua kofia akaiweka chini kando yake.

Mwanamke alijifunga leso upya, kwa nguvu. Fundo likakataa, akalirudia.

"Mimi siwezi kukujibu," akasema mwishowe. "Si mkono wangu. Yuko nyumbani sasa hivi. Simama, twende umwambie yeye, kwa mdomo wako."

"Niirudishe kwanza sketi."

"Wacha sketi. Panda."

Aliinuka kwa shida, akishika ubavu uliopigwa teke. Sketi ilikuwa ndefu. Ilibidi ipite katikati ya viti, juu ya mapaja ya watoto, na ncha yake itokeze kwenye dirisha la nyuma. Watoto walivuta mikoba yao na kumpisha bila kumwangalia usoni. Yule aliyempigia kelele alijibana kabisa kwenye kona.

"Shika vizuri hiyo kitu," mwanamke akamwambia kupitia kioo, akiwasha injini. "Isije ikaumiza mtu."

Aliishika kwa mikono miwili. Gari likaingia barabarani, upande mmoja umevaa, upande mwingine mshono mweusi uko wazi kila mtu auone, na wale waliotaka kumuua wakasogea kando kulipisha.